Karata za taro na viumbe vyake: maelezo kwa makanisa ya kando ya ziwa

Karata za taro ni karata 78 zenye picha ambazo leo wengi wanazijua kama chombo cha kuagulia. Kwa Kifaransa neno huandikwa na t mwishoni, lakini hiyo t haisomwi, ndiyo maana huku kwetu husikika taro tu. Si bidhaa ya kawaida ya masoko yetu. Zinafika zaidi kwa simu: picha inapita, sauti ya mtu inasema chagua karata moja kati ya tatu, na kijana aliyeketi Kavimvira au Kalundu anaambiwa habari za ndoa yake, safari yake na adui yake.

Zinazovuta macho siku hizi si zile za kizamani zenye wafalme na mapapa. Ni zile zilizochorwa viumbe vya hadithi: majoka yenye mabawa, farasi wa pembe moja, ndege anayeungua na kufufuka katika majivu, wanawake wenye mkia wa samaki. Mfano mmoja ni Celtic Dragon Tarot, kazi ya mwandishi D. J. Conway na mchoraji Lisa Hunt, iliyotoka Marekani mwaka 1999. Wawili hao walitoa nyingine pia, Fantastical Creatures Tarot, iliyokusanya viumbe vya ngano za mataifa mengi. Ni picha nzuri kwa kweli, na mtoto anayependa kuchora atazitazama kwa saa nzima.

Tunaandika maelezo haya kwa sababu katika makutaniko yetu husikika majibu mawili tu. Wengine wanasema ni mchezo, wengine wanasema ni mashetani, zichomwe. Mchungaji anayeletewa mama aliyelipa franka zake zote apate kujua nani anamloga mwanawe hasaidiwi sana na jibu lolote kati ya hayo. Afadhali ajue kitu chenyewe ni nini.

Zilianza kama mchezo

Karata za kuchezea ziliingia Ulaya katika karne ya 14 kutoka nchi za Kiislamu. Karata za Wamamluki wa Misri zilikuwa na mafungu manne: vikombe, sarafu, panga na fimbo za mchezo wa polo. Waitalia waliyachukua mafungu hayo hayo. Karibu mwaka 1440, katika miji ya kaskazini ya Italia, mtu fulani aliongeza juu yake fungu la tano la picha zenye nguvu kuliko nyingine zote. Karata za zamani zaidi zilizobaki zilichorwa kwa mkono, kwa rangi na dhahabu, kwa ajili ya watawala wa Milano wa koo za Visconti na Sforza. Zilikuwa za mezani, za kushindana, kama watu wetu wanavyocheza karata jioni chini ya mwembe. Ufaransani watu wangali wanacheza taro hivyo, wakiwa na shirikisho lao na mashindano yao, bila kumtabiria mtu yeyote.

Zile picha za fungu la tano ni 22. Mkristo akizitazama bila haraka atatambua nyingi. Kuna Mpumbavu, kuna Papa, kuna Wapenzi, Haki, Mzee mwenye taa, Gurudumu, Mauti, Shetani, Mnara unaopigwa radi. Karata ya Hukumu inaonyesha malaika akipiga tarumbeta na wafu wakitoka makaburini. Ile ya mwisho, Ulimwengu, ina viumbe vinne kwenye pembe zake: mtu, simba, ng'ombe na tai, wale wale wa Ezekieli sura ya 1 na Ufunuo sura ya 4. Wachoraji hawa walikuwa watu wa Ulaya ya Kikristo, na walichora vitu walivyoviona katika kuta za makanisa yao na katika maandamano ya sikukuu.

Uaguzi ulichelewa sana. Michael Dummett, mwanafalsafa wa Oxford aliyeandika kitabu kikubwa juu ya mchezo huu mwaka 1980, alionyesha kwamba kwa zaidi ya miaka mia tatu taro ilikuwa mchezo, na kwamba kuzifanya karata hizi chombo cha siri ni jambo la karne ya 18.

Mchungaji aliyeleta hadithi ya Misri

Hapa kuna habari ambayo watu wa makanisa ya Kiprotestanti wanapaswa kuijua, hata kama haitufurahishi. Mtu aliyeitangaza taro kuwa kitabu cha siri cha makuhani wa Misri alikuwa Mprotestanti, na tena mchungaji. Jina lake ni Antoine Court de Gébelin. Baba yake, Antoine Court, ndiye aliyekusanya tena Waprotestanti wa Ufaransa walipokuwa wakiteswa na kuabudu kwa kujificha. Mwana alisomea Lausanne, akawekewa mikono, kisha akahamia Paris na kuzama katika elimu ya mambo ya kale. Mwaka 1781, katika mojawapo ya majuzuu ya kazi yake ndefu kuhusu ulimwengu wa kwanza, aliandika kwamba karata hizi ni mabaki ya kitabu cha mungu Thothi wa Wamisri. Hakuwa na ushahidi. Wakati huo hapakuwa na mtu Ulaya aliyeweza kusoma maandishi ya Misri ya kale. Champollion alifungua njia ya kuyasoma mwaka 1822, na hakuna karata zilizoonekana humo.

Lakini hadithi ilikuwa imeshatembea. Mfaransa mwingine, Jean-Baptiste Alliette, aligeuza jina lake kinyumenyume akajiita Etteilla, akaanza kuuza utabiri wa karata na kuchapa vitabu vyake. Kutoka kwake tunapata kazi yenyewe: mteja, meza, bei.

Karata zinazoigwa zaidi leo zilitoka London mwaka 1909. Arthur Edward Waite alitoa mawazo, na Pamela Colman Smith, mwanamke aliyepitisha sehemu ya utoto wake Jamaika, alichora picha zote 78. Zamani karata ndogo zilikuwa na alama tu: panga tano, vikombe saba. Smith aliziwekea watu na matukio. Kwa sababu hiyo mchoraji yeyote wa leo anaweza kuchukua mpangilio wake na kuweka majoka mahali pa watu. Malipo aliyopata yalikuwa madogo, naye alikufa mwaka 1951 akiwa maskini, wakati wauzaji waliokuja baada yake wamejipatia mali nyingi kutokana na mkono wake.

Zinavyosomwa

Anayeuliza huchanganya karata huku akifikiri swali lake. Msomaji huzipanga: tatu kwa yaliyopita, yaliyopo na yajayo, au kumi kwa umbo la msalaba. Kila karata ina maana iliyoandikwa katika kijitabu, na mara nyingi maana ya pili ikitokea imepinduka. Karata tatu zinaweza kutoka kwa njia 456,456 kutoka katika 78, kwa hiyo hakuna siku ambayo msomaji atakosa la kusema.

Kwa nini mtu huondoka akisema amenijua? Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 mtihani wa tabia. Baadaye kila mmoja alipewa maelezo yake mwenyewe na kuombwa ayape alama kutoka 0 hadi 5. Wastani ulikuwa 4.26. Kisha akawaambia walinganishe karatasi zao: wote walikuwa wamepewa maneno yale yale, mengi aliyoyatoa katika kitabu cha nyota kilichouzwa barabarani. Kiongozi wa vijana anaweza kulifanya jambo hili katika kipindi kimoja, kwa karatasi zilizokunjwa na jina la kila mtu juu yake. Andika kwamba ana huzuni asiyoionyesha, kwamba kuna mtu wa karibu anayemwonea wivu, kwamba amewahi kukimbia na kupoteza kitu asichokisahau. Katika mji kama Uvira, uliopita vita na mafuriko ya Aprili 2020 wakati Mulongwe ulipobomoa nyumba, sentensi hiyo ya mwisho itampata kila aliyeketi mle ndani.

Hatusemi kwamba kila msomaji wa karata ni mwongo anayejijua. Wengine wanaamini kabisa. Wapo wanaozitumia kama kioo cha kujifikiria tu, bila kutabiri, na huko Ulaya na Marekani hao ni wengi. Kwa mtu wa namna hiyo mazungumzo yanaanza mahali pengine kuliko kwa yule anayetafuta jina la mlozi.

Joka, nyati na mamba

Viumbe vya karata hizi vinawasumbua wazee wetu kuliko karata zenyewe, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Farasi wa pembe moja anatajwa katika Biblia za zamani za Kiingereza, na wapo wahubiri wanaomtumia hata leo. Neno la Kiebrania ni re'em, mnyama wa porini mwenye nguvu na pembe, ambaye wataalamu wengi wanaona ni ng'ombe mwitu wa kale. Watafsiri wa Kigiriki waliandika neno lenye maana ya mwenye pembe moja, na kosa likasafiri hadi tafsiri ya King James ya mwaka 1611. Biblia ya Kiswahili ya Union Version katika Hesabu 23:22 inasema nyati, na mtu yeyote anayejua mbuga zetu anaelewa mara moja ni nguvu gani inayosemwa.

Vivyo hivyo Ayubu 40 na 41. Katika lugha nyingine wasomaji wanabaki na majina Behemothi na Lewiathani, na wachoraji wa majoka wamejilisha humo kwa karne nyingi. Kiswahili cha Union Version kinasema kiboko, kisha mamba. Kwa msomaji wa London huyo ni mnyama wa kitabuni. Kwetu ni sababu ya kutochota maji mahali fulani baada ya jua kuzama.

Tena mamba wetu naye amepata kuwa kiumbe cha hadithi. Yule mkubwa wa delta ya Ruzizi na pwani ya Burundi aliitwa Gustave na Mfaransa Patrice Faye, aliyemfuatilia kwa miaka. Alikadiriwa kuwa na urefu wa mita 6 hivi. Masimulizi yamempa watu 300 aliowaua, hesabu ambayo hakuna aliyeithibitisha. Mwaka 2004 ilionyeshwa filamu kuhusu jitihada za kumnasa, ambazo hazikufaulu, na mwaka 2007 Hollywood ikamtumia katika filamu ya kutisha iitwayo Primeval. Mnyama wa kweli, aliyewala watu wa kweli wenye majina na mazishi, akawa picha ya kuuza tiketi. Yaliyompata ndiyo yaliyolipata joka la karata zamani.

Kisha kuna mamba mtu. Katika Katanga husemwa mamba muntu: mwanamke mweupe wa nywele ndefu, chini ana mkia wa samaki, mara nyingi amezungukwa na nyoka na amevaa saa mkononi. Katika miaka ya 1970 Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, waliochunguza uchoraji wa mijini huko, waliikuta picha hii miongoni mwa zilizopendwa zaidi katika sebule za watu. Hadithi yake inajulikana. Mwanamume akiokota unywele wake au kitana chake, atamjia katika ndoto kukidai, na akikubali masharti na kunyamaza atapata mali. Akivunja siri anapoteza vyote, na pengine uhai.

Ni ndugu wa Mami Wata wa Afrika ya Magharibi, na picha ya Mami Wata iliyoenea zaidi ina safari ya kushangaza. Ilichapwa Hamburg, Ujerumani, katika miaka ya 1880, kutangaza mwanamke aliyecheza na nyoka katika maonyesho ya burudani. Mabaharia na wafanyabiashara waliileta Afrika, watu wakaona ndani yake roho wa maji waliyemjua tayari kwa jina lingine. Mwaka 1955 ilichapwa tena Bombay, na kampuni ya kalenda, kwa ajili ya wafanyabiashara wa Ghana ya leo. Tangazo la burudani likapata madhabahu. Tukilinganisha na mchezo wa karata uliopewa makuhani wa Misri na mchungaji wa Paris, mambo haya mawili yanafanana mno.

Huku kaskazini mwa ziwa, picha ya ukutani si jambo kubwa. Kubwa ni imani ya zamani ya pwani hii kwamba mamba aliyekamata mtu ametumwa, kwamba yupo mwenye mamba. Hapo hadithi inaacha kuwa ya kupendeza, kwa sababu baada ya maziko watu wanaanza kumtafuta mwenyewe.

Mfumu, ramli na chumba cha maombi

Kutafuta jibu kwa kupanga vitu vidogo si jambo la kigeni kwetu. Wachokwe wa kusini mwa Kongo na Angola wana kikapu cha kuagulia, ngombo ya cisuka, chenye vinyago vidogo vya watu na wanyama, mbegu, mifupa na vipande vya vibuyu. Mwaguzi hukitikisa, kisha husoma vilivyopanda juu na vilivyo karibu navyo. Waluba wana kibuyu cha namna hiyo kiitwacho mboko (jina lile lile la mji wetu kati ya Makobola na Baraka, ingawa hatudai kuna uhusiano). Waswahili wa pwani walipokea kutoka kwa Waarabu ramli, mistari na nukta za mchangani zinazozaa maumbo 16. Na kila kijiji cha milima yetu kimemjua mfumu wake. Anayedhani taro ni ushetani wa wazungu unaotushambulia kutoka nje ajue kwamba ni mgeni aliyekuta ndugu zake wamekaa sebuleni.

Maandiko yanayosomwa zaidi juu ya jambo hili ni Kumbukumbu la Torati 18:10-12, na maana yake haina utata. Sisi tungeongeza mawili yasiyosomwa sana. Ezekieli 21:21 inamwonyesha mfalme wa Babeli penye njia panda, akitikisa mishale na kutazama ini, asijue aende kupiga mji upi: mwenye majeshi yote, amekwama kama mtu mwingine yeyote. Na Matendo 16 inamtaja kijakazi wa Filipi mwenye pepo wa uaguzi. Luka hakusahau kuandika kwamba aliwaletea mabwana zake faida nyingi, na kwamba Paulo na Sila walifungwa kwa sababu faida hiyo ilikatika. Anayetaka kuelewa biashara ya utabiri aanze na wale mabwana, sio na msichana.

Hapa lazima tuseme la nyumbani. Katika baadhi ya vyumba vya maombi vya mji wetu mtu huingia na swali, hutoa sadaka ya swali hilo, na hutoka na jina la adui: mama mkwe, jirani, mtoto wa kambo. Anayelitaja huitwa nabii, na mezani hakuna karata. Biblia iko wazi mkononi mwake. Tofauti na karata ni nini? Tumelipima swali hili kwa muda mrefu na hatuoni tofauti kubwa, isipokuwa moja mbaya zaidi: karata ya taro haina jina la jirani yako juu yake. Msomaji wa Paris anasema kuna mwanamke mwenye wivu. Nabii wa chumbani anasema ni nani na nyumba yake iko avenyu gani.

Sheria inasemaje

Wanaoumia zaidi ni watoto, hasa yatima na wa kambo, na wajane wazee. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi na kuagiza jambo hilo liadhibiwe. Sheria ya ulinzi wa mtoto, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, ilifuata na adhabu yake katika kifungu cha 160: kifungo cha mwaka 1 hadi 3, na faini ya franka za Kongo 200,000 hadi 1,000,000. Haisemi kwamba mchungaji, nabii au mfumu anasamehewa. Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyoanzisha mahakama za watoto.

Kwa hiyo shemasi akisikia kwamba karata, ndoto au unabii umemtaja mtoto, jambo la kwanza si kubishana juu ya asili ya taro. Mtoto apelekwe kulala kwa watu wanaoaminika usiku huo huo. Aliyetaja jina, siku, mahali na waliokuwepo viandikwe kwenye karatasi wakati bado vinakumbukwa. Kisha mashemasi wawili, si mmoja, wamwone shefu wa kartie na ofisi ya Mambo ya Jamii, na ikiwa mtoto amepigwa au amechomwa wapitie kwanza hospitalini wapewe cheti cha daktari, kwa sababu bila cheti hicho kesi huwa ngumu kusimama.